Shajara ya mradi: karatasi moja ya maneno ya malipo kwa ajili ya duka yetu, Lubumbashi

Tarehe 8 mwezi wa 5, 2023: kuanza

Mradi wenyewe ni huu. Duka yetu iko ku komini ya Kenya hapa Lubumbashi (kwa wenye kusoma kutoka Nairobi, Kenya hii ni komini ya muji, hamuhitaji kushangaa), tunauzisha simenti, mabati, rangi, bomba, misumari, vitu yote ya kujenga. Miaka mingi ilikuwa paka kashi (kashi tu), dola na franga, alafu makuta (pesa) ya simu ikaingia, M-Pesa iko huku kwetu tangu 2012 kwa hiyo watu wameshaizoea. Sasa mama mwenye duka, ni mama mdogo wangu, amesaini mkataba na banki moja ya hapa muji tuanze kupokea kadi, juu watu wa kampuni za migodi, wale wa Likasi na Kolwezi, mshahara yao inapita banki na wanafika na kadi mukononi wakitafuta kununua vitu ya nyumba nzima mara moja, na ukiwaambia waende kwanza kutoa kashi kwenye mashini ya banki hawarudi tena, wanaingia duka ya pembeni.

Mkataba iko kurasa nyingi, Kifaransa cha banki, na katikati wamepachika maneno ya Kiingereza kama chumvi. Keshia hajui nini ni nini, vijana wa depo ndio kabisa, na kila kitu ikigoma wananipigia mimi simu juu mimi njo niko nashika vitabu vya hesabu. Basi nimeamua kutengeneza karatasi moja tu, ya kubandika pa kaunta, yenye maneno ambayo mtu wa kaunta anahitaji kweli. Ninaandika hapa hatua kwa hatua ili mwenye duka mwingine achukue.

Gharama ya kuanza: dola 100 ya dhamana kwa mashini (inarudi tukirudisha mashini nzima), dola 10 ya intaneti ya sim kwa mwezi, na karatasi za risiti. Kadi ya kwanza imepita bila shida, mambo ya kuunganisha mashini sitaandika, fundi wa banki anafanya yote.

Tarehe 22 mwezi wa 5: karatasi ya kwanza, haikufaa

Karatasi ya kwanza niliipanga A mpaka Z kutoka kwenye mkataba, maneno yote, kila moja na maelezo ya mstari mbili. Ikachapishwa, ikafunikwa plastiki, franga 4.000. Nzuri kuangalia.

Siku ya soko papa mmoja akaweka kadi, mashini ikakataa, ikaandika namba 91. Papa akauliza, "Mama, makuta yangu imekatwa ao bado?" Keshia akashika karatasi akaanza kutafuta, atafute nini sasa, kwenye A ao kwenye M? Hakuna mahali nilipoandika 91. Akapiga simu kwa banki yetu, akawekwa kwenye muziki, papa akachoka akatoa kashi mfukoni akalipa, tena na kisirani.

Maelezo yalikuwa sawa, hakuna la kusahihisha. Shida ni kwamba mtu wa kaunta haulizi "neno hili maana yake nini", anauliza makuta iko wapi sasa hivi na nani anaishika, nimpigie nani. Kamusi haijibu ile.

Kabla ya kupanga upya nikaketi na keshia tukachora mikono mitano yenye kugusa malipo moja ya kadi. Wa kwanza ni mwenye kadi. Wa pili ni banki yake, ile iliyotoa kadi, yenyewe njo inajua kama makuta iko kwenye konti na yenyewe njo inasema ndiyo ao apana. Wa tatu ni mtandao wa kadi, Visa ao Mastercard, wao hawashiki makuta ya mteja, wanabeba ujumbe kati ya mabanki na wanaweka sheria. Wa ine ni banki yetu sisi, ya kupokea, ile tuliyosaini nayo, mashini ni yake. Wa tano ni duka. Katikati kuna kampuni ya mitambo yenye kuendesha ujumbe kwa niaba ya banki, wanaitwa prosesa, lakini keshia hatakutana nao hata siku moja kwa hiyo nimewatoa.

Hapo keshia akaelewa kitu kimoja kikubwa: mashini ikikataa, karibu kila mara ni banki ya mteja imekataa, banki yetu haina la kujibu. Kupigia banki yetu simu ni kupoteza yuniti. Na kujua kadi ni ya wapi hakuhitaji uchawi, ikianza na 4 ni Visa, ikianza na 51 mpaka 55 ni Mastercard (siku hizi Mastercard iko pia na zile za 2221 mpaka 2720), na namba za mbele ndizo zinasema banki gani imetoa. Zamani zilikuwa sita, tangu mwezi wa 4 wa 2022 Visa na Mastercard wamepeleka kwa nane.

Namba za kukataa nimeziandika kwa mkono tu kwa sasa, kwenye karton, zile zenye zinatokea pa duka: 51 makuta haitoshi, 54 kadi imeisha muda, 55 namba ya siri si yenyewe, 75 amekosea namba ya siri mara nyingi imefungwa, 91 banki ya mteja haijibu ao njia ya kuifikia imelala, 05 banki imekataa na haitaki kusema sababu. Hii 05 ndiyo inaleta kelele juu mteja anaona kama duka njo imemkatalia. Keshia sasa anasema, "Papa, banki yako njo imekataa, haijasema juu ya nini, uwapigie weye mwenyewe, ku nyuma ya kadi kuko namba." Kelele imepungua sana.

Tarehe 3 mwezi wa 6: sifuri mbili

Hii inastahili nafasi yake.

Mteja amenunua bomba na gundi, franga 48.000. Kwa bei ya duka ya siku ile ni dola 20. Keshia akaandika pa mashini 4-8-0-0-0, akabonyeza kijani, mteja akaweka namba ya siri, mashini ikalia, ikatoa risiti, "imekubaliwa", kila mtu akafurahi, bomba zikapandishwa kwenye teksi kuelekea Katuba.

Mangaribi wakati wa kuhesabu ninaona risiti: CDF 480,00.

Mashini haina nukta ya kubonyeza. Inahesabu namba mbili za mwisho kuwa ni senti, hata kwa franga ambayo senti yake hakuna mtu ameiona tangu sijui lini. Ndani ya ujumbe wa malipo kiasi kinakwenda kama tarakimu 12 bila nukta, na aina ya makuta inakwenda pembeni kwa namba tatu, 976 ni franga yetu, 840 ni dola ya Marekani, na kwa zote mbili kanuni inasema senti ni namba mbili. Kwa hiyo 48.000 lazima uandike 4800000. Ukiandika 48000 umeuzisha bomba kwa franga 480, ambayo hainunui hata kipande ya mkate.

Sasa kurekebisha. Kuna maneno matatu ambayo kila mtu pa kaunta anayachanganya na hapa ndipo tofauti yao inaonekana. *Kufuta*, ile mashini inaita anilasio, ni kuua malipo kabla mashini haijatuma mafungu yake ya siku kwa banki, mteja haoni chochote kikitoka. *Kurudisha* ni baada ya mafungu kutumwa, ni malipo mapya yenye kwenda kinyume, na mteja anaweza kungojea siku kadhaa. *Kubatilisha*, riveso, mashini inafanya yenyewe ikiona jibu halikurudi, nitaifikia mbele. Sisi kufuta tulikuwa tumechelewa juu mteja alienda, na usiku mashini ikatuma mafungu. Tungeweza kurudisha 480 alafu kukata 48.000 upya, lakini ni kumtisha mtu bure. Bahati, namba yake ya simu ilikuwa kwenye bon ya livrezo (karatasi ya kupeleka mali), akaja kesho yake, tukamwonyesha risiti ya 480,00, akacheka, tukakata tofauti, 47.520, tukaunganisha risiti mbili kwa stepla. Kama angekuwa mtu wa kupita njia tungekuwa tumekula hasara ya dola 20 kasoro.

Dawa: kitambaa cha rangi nyekundu pa mashini, "SOMA SKRINI KABLA YA KUMPA MTEJA". Na keshia anasoma kiasi kwa sauti, na neno la mwisho, "franga" ao "dola". Hii ya mwisho ilitokana na kitu kingine, mashini yetu inachukua makuta zote mbili, na kijana wa depo siku keshia amekwenda kula aliacha kwenye dola akaandika franga 36.000 na sifuri zake vizuri kabisa. Dola elfu thelathini na sita. Jibu lilikuwa 51, makuta haitoshi, tumshukuru Mungu wateja wetu si matajiri.

Tarehe 17 mwezi wa 6: karatasi ya pili

Nimeacha A mpaka Z. Karatasi sasa iko na hatua, kutoka juu kwenda chini, kufuatana na mahali makuta iko. Mashini yetu inasema Kifaransa kwa hiyo nimeacha maneno ya Kifaransa pale yanapoonekana kwenye skrini, keshia asihangaike kutafsiri.

Juu kabisa: *imeombwa*. Mashini imeuliza banki ya mteja, bado haijajibu. Duka haina kitu. Usitoe mali.

Inafuata *idhini*. Banki ya mteja imesema ndiyo na imetoa kodi ya idhini (kodi hapa ni code, si ushuru), alama sita. Hapa kwenye simu ya mteja mesaji ya kukatwa inaweza kuwa imeshafika na yeye anaamini umeshapata makuta. Haujapata. Banki yake imeweka ile kiasi pembeni ili asiitumie mahali pengine, basi, ni sawa na kuandika jina yako kwenye mfuko wa simenti wenye ungali depo. Mali unaweza kutoa, juu banki imejifunga, lakini kwenye konti yako hakuna kitu.

Alafu *telekolekte*. Mashini inatuma malipo yote ya siku kwa banki yetu kwa fungu moja. Yetu inafanya usiku yenyewe kama iko na umeme na mtandao. Ikishindikana, malipo yamebaki ndani ya mashini, na hayaendi popote. Asubuhi keshia anaangalia kikaratasi ya telekolekte kama imetoka, hii ni kazi ya kwanza kabla ya kufungua mlango.

Kisha *kupigishana hesabu* kati ya mabanki kupitia mtandao wa kadi, nani anadaiwa nini na nani. Hapa duka haifanyi chochote.

Chini kabisa: *imeingia*. Banki yetu imeweka makuta kwenye konti ya duka, ikishatoa komisio yake.

Pembeni ya kila hatua nimeandika wa kupigia simu. Kwa mbili za kwanza, mteja apigie banki yake. Kwa telekolekte na kuingia, sisi tupigie banki yetu, tukiwa na TID, namba ya kutambulisha mashini, mukononi, iko juu ya kila risiti, alama nane. Kupigia simu bila TID ni kuongea na ukuta.

Mama akasoma, akasema maandishi ni madogo. Nimekuza, imekuwa kurasa mbili. Franga 6.000 na plastiki.

Tarehe 5 mwezi wa 7: "wametukata"

Alhamisi tarehe 29 ilikuwa siku nzuri, watu walitaka kumaliza manunuzi kabla ya sikukuu, kadi za dola peke yake zilifika dola 640. Ijumaa tarehe 30 sikukuu ya uhuru, alafu wikendi. Jumanne tarehe 4 asubuhi mama ananiita, "Weye, makuta ya batu ya kadi iko wapi, na mie minapashwa kulipa simenti ku Likasi." Mkataba unasema siku mbili za kazi baada ya telekolekte. Siku za kazi, si siku za kalenda. Siku ya kwanza ya kazi ni Jumatatu tarehe 3, ya pili ni Jumanne tarehe 4. Iliingia tarehe 4 mchana kama ilivyoandikwa. Lakini iliingia 624.

Kelele ikaanza upya. Dola 16 imeenda wapi?

Hii ndiyo komisio ya mfanyabiashara, kwetu asilimia 2,5, na banki inatoa kabla ya kuweka, haiweki 640 alafu kukata 16, kwa hiyo ukiangalia konti hautaona mahali pa kukatwa. Nikamchambulia mama ile 16 inagawanyika kwa nani. Sehemu inakwenda kwa banki iliyotoa kadi, inaitwa intachenji, na kiwango chake kinapangwa na mtandao wa kadi, banki yetu haiwezi kuijadili. Sehemu inakwenda kwa mtandao wenyewe, Visa ao Mastercard. Kinachobaki ni cha banki yetu, na hicho peke yake ndicho unaweza kwenda kuomba wapunguze ukiwa na mauzo mazuri. Mama amekamata hii ya mwisho haraka kuliko zote, ameshapanga kwenda kumwona mkubwa wa ajensi mwisho wa mwaka.

Kitu kingine kwenye mkataba chenye kugusa bei: kodi ya namba ine ya aina ya biashara. 5251 ni kenkayeri, yaani duka la hardware, 5912 ni farmasi, 5411 ni duka la vyakula. Intachenji inaweza kutofautiana kufuatana na kodi hii, na banki nyingine inaweza kukataa kadi yake itumike kwenye kodi fulani. Angalieni kwenye mkataba wenu kama wameandika yenye kufaa. Yetu ni 5251, iko sawa.

Nimeongeza kwenye karatasi: mstari wa "imeingia" sasa unasema *toa siku za sikukuu, toa asilimia 2,5, njo ulinganishe*. Na mama amekubali simenti ya Likasi isipangwe tena kulipwa na makuta ya kadi ya juzi.

Tarehe 24 mwezi wa 7: umeme umekatika katikati

Mama mmoja, mteja wetu wa zamani, ananunua rangi ndoo tatu. Ameweka kadi, ameandika namba ya siri, skrini inaandika kungojea, na pale pale umeme wa eneo ukakatika, mnara wa simu wa karibu nao ukalala. Mashini iko na betri lakini haina mtandao. Ikangojea, ikangojea, ikaandika hakuna jibu. Hakuna risiti. Na simu ya mama ikalia: amekatwa.

"Yaya, makuta imetoka kwangu, nipe rangi." Keshia: "Mama, kwangu hakuna kitu." Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kilichotokea: ombi lilifika, banki yake ikasema ndiyo na ikaweka kiasi pembeni, jibu likiwa njiani likapotea. Mashini isipopata jibu haijui kama ni ndiyo ao apana, kwa hiyo mtandao ukirudi kitu ya kwanza inatuma ni riveso, ujumbe wa kusema "ile ombi yangu ya mbele, ifuteni". Banki ya mteja ikiipokea inaachilia makuta. Wakati mwingine ni dakika, wakati mwingine ni siku kadhaa kufuatana na banki yake.

Hatari iko hapa: mtu akikimbilia kupitisha kadi tena mara moja anaweza kumshikia mteja makuta mara mbili, na kama konti yake haina ya kutosha ya pili inakataliwa na 51 na sasa mteja anafikiri ni wizi. Tulichofanya ni kungojea mtandao, kubonyeza diplikata, ile inatoa risiti ya mwisho iliyokubaliwa. Ikatoka ya mteja wa mbele yake. Maana yake ya kwake haikukubaliwa upande wetu. Tukamwandikia karatasi na saa, kiasi, namba ine za mwisho za kadi, TID, sahihi ya keshia na muhuri wa duka, apeleke banki yake kama haijarudi. Akalipa kashi nusu, nusu akaacha deni, juu ni mtu tunamjua. Makuta ilirudi kwake yenyewe kabla wiki haijaisha.

Namba ya kushika kwa kesi za namna hii ni RRN, namba ya marejeo ya malipo, tarakimu 12, iko kwenye risiti chini. Mabanki mawili yanatafutana kwa namba hiyo. Kodi ya idhini ni fupi sana inaweza kujirudia, jina la mteja halisaidii.

Nikiwa pale nikagundua vijana wa depo walikuwa wameanza kupiga picha kadi za wateja mbele na nyuma "kwa ushahidi". Nimesimamisha siku ile ile na picha zimefutwa mbele yangu. Sheria ya usalama ya mitandao ya kadi, inaitwa PCI DSS, iko tangu 2004, inakataza kabisa kuhifadhi ile namba tatu ya nyuma ukishapata idhini, hata kwa daftari, hata kwa siku moja. Namba ine za mwisho zinatosha. Mtu akiwa na picha ya mbele na nyuma ya kadi yako ana kila kitu cha kujaribu kununua mbali bila kadi, na simu ya kijana wa depo inauzishwa, inaibiwa, inatengenezwa kwa fundi wa pembeni ya njia.

Tarehe 19 mwezi wa 8: makuta ya simu

Nilifikiri upande huu hauhitaji karatasi juu kila mtu anajua. Alafu kijana akatoa mifuko tano ya simenti kwa mesaji ya uongo.

Mesaji ilikuwa kwenye simu ya mteja, "umetuma", na nyingine kwenye simu ya duka, "umepokea", maneno yote sawa na ya kweli, tofauti ni kwamba ilitoka kwa namba ya mtu wa kawaida na si kwa jina ya kampuni ya simu. Salio halikuongezeka. Dola 60 hivi imeenda. Hatukumpata.

Basi karatasi imepata upande wa nyuma. Neno la kwanza pale ni *salio*, la pili ni *historia*. Ndani ya menyu ya simu ya duka unaangalia historia ya malipo, na namba ya marejeo lazima ilingane na ya mteja. Mesaji si ushahidi, ya kwake ao ya kwetu. Vijana walilalamika kuangalia historia inachukua muda wakati foleni iko ndefu, nikawaambia mifuko tano itatoka kwenye posho, hapo muda ukapatikana.

Tofauti nyingine yenye kutusumbua: *kutuma kwa mtu* na *kulipa mfanyabiashara*. Zamani wateja walituma kwa namba ya kawaida ya mama, na kila mara palikuwa na mabishano, "tuma na fre ya kutoa", mteja anasema mimi nimetuma bei, fre (ada) si yangu. Sasa tuko na kodi ya mfanyabiashara, mteja analipa bei kamili, na fre inakatwa upande wetu kama asilimia, ni ndugu ya ile komisio ya kadi. Mama aliona ni hasara, tukahesabu pamoja mwezi mmoja wa mabishano na wateja waliokwenda, akanyamaza.

Na *fluti*, neno la watu wa kabini, vile vibanda vya kuweka na kutoa makuta ya simu. Makuta ya simu haitokei hewani, kampuni lazima iwe na makuta ya kweli yenye kulingana nayo banki, na mwenye kabini naye lazima anunue mbele salio ya kuwauzia watu. Kabini ikisema "hakuna fluti" maana yake hawezi kukuwekea, kashi ya kukupa anaweza kuwa nayo. Ikisema hakuna kashi ni kinyume. Vijana walikuwa wanatembea kabini tatu bila kuuliza ni nini inakosekana.

Tarehe 9 mwezi wa 9: chajibeki

Barua kutoka banki yetu: mteja amepinga malipo ya dola 210 ya mabati, anasema hakupokea mali. Hii ndiyo chajibeki. Si mteja anakuja kwako kuomba kurudishiwa, anakwenda banki yake, banki yake inavuta makuta kutoka kwa banki yetu kupitia mtandao, na banki yetu inavuta kutoka kwetu. Imeshatolewa kwenye konti, alafu njo wanakuuliza uko na ushahidi gani. Na kuna tarehe ya mwisho ya kujibu, ikipita umepoteza hata kama uko na haki.

Tukatafuta risiti. Risiti zote tunaziweka kwenye sanduku pale juu karibu na dari, chini ya mabati, joto ya mwezi wa nane na wa tisa munaijua wenyewe. Nikafungua: nyeupe. Karatasi hizi haziandikwi na wino, zinaandikwa na joto, na joto njo inazifuta. Ile niliyotafuta ilikuwa imebaki na mistari miwili ya kijivu, ukiiweka kwenye mwanga kwa pembeni unaona nusu ya RRN.

Kilichotuokoa ni bon ya livrezo, kalamu ya kawaida, sahihi ya mlinzi wa kiwanja, mabati 26. Komandi (oda) ilikuwa 30. Ine zilibaki depo kungojea gari ya pili ambayo haikwenda. Kwa hiyo mteja hakuwa mwongo kabisa, na sisi pia. Banki ikatuma bon kwa upande wa pili, na malipo ya kadi yalifanywa na chipu na namba ya siri kwa hiyo hoja ya "si mimi" haikuwepo. Tukapoteza thamani ya mabati ine, dola 28, na dola 15 ya kazi ya banki kushughulikia kesi, hiyo hairudi hata ukishinda.

Dawa: kila mangaribi keshia anaandika kwenye daftari kubwa tarehe, kiasi, aina ya makuta, RRN na namba ya bon. Risiti zenyewe ziko sasa kwenye bahasha ya karatasi (plastiki inazifuta pia), chini, nyuma ya kaunta. Daftari franga 5.000.

Karatasi ya tatu iko ukutani, mbele hatua za kadi, nyuma simu, na mstari mpya wa chajibeki wenye maneno matatu tu: bon, RRN, tarehe.

Kinachobaki ni malipo ya mbali. Mteja wa Kolwezi ameomba amsomee keshia namba ya kadi kwa simu ili tumtumie mali na kamyo. Mama alikuwa tayari. Nimekataa. Kuna hesabu ya Luhn, mtu wa IBM aliyeiombea hati mwaka 1954, yenye kukuambia kama namba imesomwa vizuri: chukua ile ya majaribio 4111 1111 1111 1111, kuanzia kulia ongeza mara mbili kila namba ya pili, jumlisha zote, unapata 30, inagawanyika kwa kumi, iko sawa. Lakini inakamata paka kosa la kusoma. Haisemi kadi ni ya nani. Na kwa malipo ambayo kadi haikuwepo, mwenye kadi akipinga, mzigo unatuangukia sisi karibu kila mara. Kwa hiyo tunangojea getiwei ya banki, ile yenye kumpa mteja ukurasa aandike mwenyewe na banki yake imtumie kodi ya kuthibitisha, 3-D Secure, hapo akipinga kusema si yeye mzigo kwa kawaida unahamia kwa banki iliyotoa kadi. Wamesema bei watatupa mwezi wa kumi. Ikifika nitaiandika hapa, pamoja na asilimia yake, juu nasikia haiko 2,5.